Baba Kodi Amesafiri

18 Januari

Kwako kaka,

Pokea salamu zetu sote, za wakubwa na za watoto. Huku tuko wazima. Shemeji yako bado yuko na magari yake gereji, anarudi kila jioni na oili mpaka kwenye nyusi, na sabuni yangu inaisha yeye akiwa vilevile. Mapacha wameingia darasa la nne. Wameacha kupigana ngumi, sasa wanagombana kwa maneno, na mimi kama mwalimu wa maigizo nayaita hayo maendeleo. Mama yupo, anakusalimu sana. Anashinda na redio mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

Nimeamua kukuandikia barua kama zamani kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikituma ujumbe unanijibu neno moja. "Salama." "Nipo." "Kesho." Kaka, hiyo kesho yako imekuwa ndefu mno. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kelele kabla sijaota meno yote. Sasa mtu anayeitwa Kelele ataishije na neno moja?

Mama anamuulizia Baba Kodi, yule mwenye nyumba unayemwigiza redioni. Kila Alhamisi jioni anatunyamazisha wote, hata mgeni, tusikilize mchezo wenu, na kila Alhamisi wapangaji wanasema mwenye nyumba amesafiri. Amesafiri wapi kaka, mwaka mzima? Mtu ambaye alikuwa anadai kodi hata kwenye harusi! Mama anasema mchezo umeharibika, hao waliobaki wanaongea kama wanaosoma tangazo la mnada. Halafu ananiuliza, "Kile kikohozi chake kimekwenda wapi?" Namwambia watunzi wamebadilisha hadithi. Anaongeza sauti ya redio, utadhani umekaa nyuma yake na ni suala la kukuvuta tu.

Sasa jambo lenyewe. Kikundi changu kimechaguliwa kwenda kwenye kongamano la maigizo la shule za sekondari, mwezi wa tano, na linafanyika huko huko kwako, katika ukumbi wa manispaa. Niliposoma ile taarifa nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi, karani akadhani nimepata msiba akaniletea maji. Mara ya mwisho kukuona mapacha walikuwa hawajajua kufunga kamba za viatu. Tunakuja na mchezo waliotunga wanafunzi wenyewe: dada watatu wameachiwa cherehani moja na marehemu mama yao, na kila mmoja anaona ni haki yake. Unachekesha mpaka katikati, kisha kicheko kinakukwama.

Naomba uje uongee na wanafunzi wangu. Wamekua na sauti yako, kuna ambao wanakuiga kwenye foleni ya chakula. Na ukimaliza nao naomba unipe mimi jioni moja tu, tukae, tupige soga mpaka watufukuze.

Tena nina shida ya kitaalamu. Binti anayeigiza dada mkubwa ni mrefu kama nguzo ya simu na anaelewa kila unachomwambia, lakini sauti yake haivuki mstari wa pili wa viti. Nimemfanyisha mazoezi yote uliyonifanyisha wewe kule uani, ya kupigia ukuta kelele mpaka ukuta ujibu. Ukuta haujajibu. Nifanyeje?

Wako,
Kelele

2 Machi

Kelele,

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Msamehe kaka yako. Nafurahi mko salama, na mwambie shemeji oili haitoki kwa sabuni, atumie mchanga laini kwanza. Mapacha wape shikamoo yangu kinyumenyume, yaani mimi ndiye niwaamkie, maana nasikia wameshakuwa wakubwa.

Mimi nipo. Bado nakaa kile chumba juu ya duka la fotokopi. Mama Fotokopi akiwasha mashine zake asubuhi, kikombe changu kinatembea chenyewe mezani. Ni mama mwema. Huniletea uji bila kuombwa na hupenda kunisimulia habari za wateja wake, kwa kuwa anasema mimi najua kusikiliza. Najua utacheka. Mimi, kusikiliza!

Hongera kwa kongamano. Niliisoma hiyo sehemu ya barua nimesimama. Mchezo wa cherehani ni mzuri hata kabla sijauona, kwa sababu watu watatu wanataka kitu kimoja na kila mmoja ana sababu.

Kuhusu huyo binti mrefu. Acha kumpigisha kelele. Mimi nilikufundisha vibaya, au nilikufundisha inavyomfaa mtu kama wewe aliyezaliwa na spika kifuani. Mpe onyesho zima alicheze bila kusema neno. Apumue, aangalie anachotaka, akifuate kwa miguu na mikono. Akijua kunyamaza vizuri, watu watasogea mbele wenyewe kumsikiliza. Siku hizi nafikiria sana mambo haya.

Kuhusu Baba Kodi, watunzi wana yao. Mwambie mama asubiri.

Mwezi wa tano huenda nisiwepo. Kuna safari ya kikazi inapangwapangwa. Usiwaahidi wanafunzi.

Mbona mama hakuandika mstari wake mwishoni mwa barua? Siku zote alikuwa anaandika, hata kama ni "kula vizuri" tu. Niligeuza karatasi nyuma nikatafuta.

Kaka

20 Machi

Kwako kaka,

Sisi wazima isipokuwa pacha mmoja aliyejaribu kuruka ua wa jirani na sasa ana bandeji gotini anayomwonyesha kila mpita njia kama medali. Shemeji yako alijaribu mchanga. Mikono imetakata, lakini sinki limeziba, kwa hiyo ushauri wako umetuletea fundi bomba.

Ule mwingine lakini, wa binti mrefu! Nilimpa onyesho la ugomvi alicheze kimya. Darasa letu la mazoezi ni ile stoo ya viti vibovu, unaikumbuka, na wanafunzi wote walikuwa wamekaa juu ya viti vya miguu mitatu wakipiga domo. Alianza kukunja kitambaa. Kukunja tu. Akakikunja kama mtu anayejua kwamba akimaliza kukikunja itabidi aseme kitu ambacho hataki kukisema. Domo likakatika. Yule kijana wetu mchekeshaji, ambaye hanyamazi hata akiwa anakunywa maji, alinong'ona, "Mwalimu, kwani anamfanya nini huyo?" Nikamwambia nyamaza uone.

Baba yake alikuwa hataki aje. Nilikwenda nyumbani kwao mara mbili. Anasema mtoto wa kike hawezi kulala ugenini kwa ajili ya "kuruka ruka". Nikamwambia haruki, anakunja kitambaa. Akaniangalia kama mwendawazimu, ila mara ya pili mama mtu akasema kutoka jikoni, "Mwache aende, hapa nyumbani haongei, labda huko ataongea." Ruhusa ikapatikana hivyo.

Kaka, safari gani ya kikazi? Tangu lini watu wa michezo ya redio wakasafiri? Nilikuuliza maswali mengi ukajibu la binti peke yake, tena vizuri, kama mtu anayenitupia pipi nisiulize mengine.

Mama hajambo. Ni uvivu tu wa kushika kalamu.

Nina ombi moja, na hili usinikatalie. Jirekodi kwenye simu. Hata dakika moja. Mwamkie mama, mwambie chochote, mkemee kama Baba Kodi anavyowakemea wapangaji, kisha nitumie. Alhamisi iliyopita mchezo ulipoisha alibaki ameishika redio bila kuizima, nikamkuta inaunguruma tu bila kituo. Nikamwambia, "Mama, imekwisha." Akasema, "Najua. Labda atakuja mwishoni."

Jirekodi, kaka. Nakuomba.

Kelele

29 Aprili

Kelele,

Salamu kwa wote, na pole kwa goti la shujaa.

Simu yangu imeharibika upande wa kurekodi. Na safari imethibitika, sitakuwepo siku za kongamano. Usije chumbani, utakuta kufuli. Naandika kwa kifupi kwa sababu nina haraka.

Lakini sikiliza, ule ukumbi naufahamu, nilipata kufanya kazi pale. Ukuta wa kushoto una mwangwi mbaya, kwa hiyo meza ya cherehani muiweke kulia. Mbao za jukwaani zinalia karibu na pazia, wanafunzi wakanyage kwa kisigino kwanza. Umeme hukatika mchana. Ukikatika, msikimbie jukwaani. Mwambie binti asubiri. Mwambie asubiri tu, mwanga utakuja.

Mpe mama mkono wangu. Ushike wake kwa niaba yangu, usiishie kumwambia kwa maneno.

Kaka

30 Mei

Kwako kaka,

Leo nitaruka habari za nyumbani. Wote wapo.

Tulifika jioni ya mvua. Wanafunzi walilala kwenye magodoro ya bweni la chuo fulani, wakashinda wanapanda na kushuka na lifti mpaka mlinzi akaizima. Kongamano lenyewe lilikuwa na hotuba ndefu za watu waliokuja kutueleza umuhimu wa sanaa, sisi tunaolala na sanaa kitanda kimoja. Lakini michezo ya shule nyingine ilikuwa mizuri. Wanangu walikaa midomo wazi. Mchekeshaji wetu aliniambia, "Mwalimu, kumbe tuko wengi."

Siku ya kwanza, saa ya chakula, nilikuja kwako. Ndiyo, uliniambia nisije. Nilipanda zile ngazi za nje, nikakuta kufuli kama ulivyosema, na nje ya mlango kuna kandambili zako zenye maji ya mvua ya usiku ule. Mtu aliyesafiri, kandambili zake zinapataje tope bichi la kisigino? Mama Fotokopi alikuwa anakata karatasi. Nikamwambia mimi ni nani. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mnafanana macho." Nikamuuliza uko wapi. Akasema, "Dada, akikwambia hayupo, basi hayupo," na akainama kwenye mashine yake, na nilimwona anafuta uso.

Nikaenda kituo cha redio. Yule wa mapokezi alikuwa anatabasamu mpaka nilipotaja jina lako. Akasema huyo haji tena hapa, muda sasa, na kwamba yeye hana ruhusa ya kusema zaidi. Nikarudi ukumbini nimechanganyikiwa.

Mchezo wetu ulikuwa mchana wa siku iliyofuata. Niliwapaka watoto poda, meza tukaiweka kulia. Watu walicheka walipotakiwa kucheka. Tukafika kwenye ugomvi, wadogo wawili wanavutana kitambaa, kinachanika, na hapo umeme ukakatika. Taa, vipaza sauti, vyote. Ukumbi mzima ukasema "aaah" kwa pamoja. Giza kama ndani ya gunia, maana madirisha yote yamezibwa kwa mbao. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshapanda jukwaani. Nikamsikia binti mrefu ananong'ona kwa wenzake, "Subirini."

Wakasubiri.

Kisha juu kabisa, kwenye kingo wanakopita mafundi wa taa, mbao ya dirisha la kwanza ikafunguka, na jua likashuka kwenye meza. Tukamsikia mtu anakimbia kule juu. Dirisha la pili. La tatu. Mwanga ulikuwa unamfuata binti, kaka, kama mtu anamjua anakokwenda. Alikaa kwenye cherehani. Akaanza kukanyaga kwa mguu pedali ambayo haipo, akaunganisha kile kitambaa kilichochanika, polepole, bila neno, na wadogo zake wamesimama wanamtazama. Ukumbi ulitulia mpaka kiatu chake kikasikika kwenye mbao. Watu wa nyuma walinyanyuka kwenye viti wakasogea. Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Kaeni. Nitawashonea." Ikafika mpaka mlangoni.

Makofi yalipoanza nilitoka mbele nikamwona yule fundi wa taa juu kwenye kingo, kivuli tu, jua liko nyuma yake. Nikapaza sauti, "Fundi! Mungu akubariki!" Akapunga mkono. Nikageuka kwa wanangu.

Tulikuwa tumeshatoka mjini ndani ya basi binti aliponiletea karatasi ya ratiba. "Mwalimu, yule fundi wa taa alikuja nyuma ya pazia. Amevaa skafu shingoni na joto lote lile. Alitushika mikono mmoja mmoja, hakusema kitu, akaniandikia hapa nyuma." Mwandiko niliujua kabla sijasoma maneno. *Umenyamaza vizuri. Endelea.*

Nilimwambia dereva asimame. Akaniambia, mwalimu, hapa ni barabara kuu. Nikakaa. Wanafunzi waliimba njia nzima na mimi nikawaacha waimbe.

Ulikuwa juu ya kichwa changu. Nilikuita fundi. Niambie, kaka. Nimekukosea nini mpaka unipungie mkono kama mpita njia?

Kelele

17 Juni

Kelele, mdogo wangu,

Hujanikosea kitu. Kaa kwanza, halafu usome.

Unakumbuka kikohozi cha Baba Kodi kilivyokuwa cha kuigiza, cha kifua, nilikianza kama utani. Baadaye kikaanza kuja chenyewe. Mtayarishaji akafurahi, akasema "siku hizi unakohoa kwa ukweli zaidi." Wasikilizaji wakaandika barua za kukisifu. Mimi nilikuwa nakitemea kwenye leso nje ya studio. Nilipokwenda hospitali daktari wa koo alisema nimechelewa, lakini si kwa kila kitu. Ilikuwa lazima nichague kati ya sauti na roho. Wakanitoa kile kinachotoa sauti. Sasa napumulia kwenye tundu dogo hapa chini ya shingo, ndilo ninalolifunika kwa skafu. Ugonjwa umekwisha, daktari ananipima na kila mara anatikisa kichwa kwa furaha. Niko mzima, Kelele. Nakula, natembea, napanda ngazi za ukumbi kuliko vijana. Ila nikicheka hakitoki kitu.

Siwezi kupokea simu. Sasa umejua.

Kuna kifaa walinipa cha kubana shingoni, kinatoa maneno kwa mlio kama wa nyuki ndani ya kopo. Nilikijaribu mara moja mbele ya Mama Fotokopi. Nilitaka kusema "asante kwa uji". Mama wa watu aliitikia vizuri kabisa, akatoka, nikamsikia analia kwenye ngazi. Nikakirudisha kwenye sanduku lake.

Meneja wa ukumbi tulianza naye jukwaani, ndiye aliyenipa kazi ya taa. Mtu wa taa hadaiwi neno. Nakaa kwenye ile kingo juu ya jukwaa na kuwaangalia watu wanavyotoa sauti zao na kuzimwaga tu, kana kwamba zipo nyingine nyumbani. Usiku wa onyesho la kwanza nililoliwashia taa niliona wivu mpaka nikashika bomba la taa ili nisishuke. Siku hizi wivu umepungua, imebaki hamu. Nina hamu ya kumwita mtu aliye mbali barabarani. Nina hamu ya kubishana. Nina hamu ya kumwambia mama "shikamoo" na kusikia ile "marahaba" yake inayoanzia chini.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ningekwambia wewe, ungemwambia mama. Niliona bora Baba Kodi awe amesafiri. Mtu aliyesafiri anaweza kusubiriwa. Nilitaka mama abaki na ile sauti aliyonayo, asiwe na nyingine ya kuilinganisha nayo.

Ile siku nilikuona ukiingia ukumbini na mkoba wako mkubwa na ule mwendo wako wa kama unakwenda kugomba. Umenenepa kidogo, imekupendeza. Ulikuwa unawapaka watoto poda na unajipaka wewe mwenyewe bila kujua, ulifanya kazi yote ile una kidevu cheupe. Nilitaka kukwambia. Nilishika kingo nikafungua mdomo, Kelele. Mazoea. Kisha umeme ukakatika na angalau nikapata kazi ya kufanya.

Uliponiita fundi, nilipunga mkono kwa sababu hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Nikashuka ngazi mbio kukufuata nyuma ya pazia. Ulikuwa umezungukwa na walimu wanakupongeza, unaongea na mikono yote miwili. Nikasimama. Nikaona nikikugusa bega, utageuka na kitu cha kwanza utakachosubiri ni mimi kusema. Nikaenda kwa watoto.

Usimwambie mama. Au mwambie. Sijui tena. Nakuachia.

Kaka

25 Agosti

Kwako kaka yangu,

Sisi wazima. Mapacha wamefunga shule na wamegundua filimbi. Shemeji yako aliposoma barua yako alikwenda gereji siku ya mapumziko, akafumua injini isiyo na tatizo, akaifunga tena, ndipo akarudi. Ni salamu zake hizo.

Najua nimekaa muda mrefu bila kujibu. Kila wiki nilikuwa naanza "Kwako kaka" na kuishia hapo. Nilikukasirikia, kisha nikalia, kisha nikakukasirikia tena, na wakati wote huo kuna jambo nami nilikuwa nimelikalia.

Mama haoni, kaka. Si uvivu wa kalamu. Ilianza wewe ukiwa bado kwenye redio, akawa anagonga vikombe, anamimina chai nje. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha potea hakirudi. Sasa anaona dirisha tu, kwamba kuna mwanga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza kukwambia. "Ataacha kazi yake aje kunishika mkono. Mwacheni aongee." Ndiyo maana alikuwa na redio muda wote. Uso wako hawezi kuuona tena, akabaki na sauti.

Sasa fikiria mimi katikati yenu. Ningemwambiaje? Kila nikikaribia kusema naona nakuja kumnyang'anya kile kimoja kilichobaki.

Jumapili iliyopita alikuwa amekaa uani anachambua mboga kwa vidole, haraka kuliko mimi mwenye macho. Akasema tu, bila kuinua kichwa, "Binti yangu, kaka yako amekufa?"

Nikasema, "Hapana, mama! Yuko hai."

"Basi niambie kilichobaki. Baada ya hilo, kilichobaki nitakiweza."

Nikamwambia. Nilianza na kikohozi nikamalizia na madirisha. Hakunikatiza hata mara moja, na wewe unamjua, hajawahi kumwacha mtu amalize. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika jani moja. Akauliza, "Anakula nini? Chakula kinapita?" Nikasema kinapita. "Anapata nani wa kumpikia?" Nikamweleza Mama Fotokopi na uji. Akasema, "Mungu amuweke huyo mama." Nikaona machozi yanashuka, yeye haangaiki hata kuyafuta.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Alisema ulipozaliwa hukulia. Mkunga alikupiga makofi, akakuning'iniza miguu juu, akakumwagia maji, wapi. Ulikuwa unapumua, macho wazi, kimya. Mkunga akachoka akakuweka kifuani kwa mama akaenda kuita mwenzake. Mama anasema mlikaa hivyo muda mrefu, nyinyi wawili. "Nilimshika kila kidole. Nikamnusa kichwa. Nilikuwa nimeshampenda mpaka basi, na alikuwa hajatoa hata mlio. Ile sauti aliileta baadaye. Mimi nilikuwa naye kabla yake."

Halafu akajifuta kwa mgongo wa mkono akasema, "Mwandikie. Mwambie na habari ya macho yangu, tumalize kufichana kama watoto. Mwambie aje nimshike."

Ndiyo hivyo. Uje akushike, kasema. Na mimi nina stoo iliyojaa viti vibovu na wanafunzi wanaotaka kujua yule fundi wa taa atakuja lini kuwafundisha kunyamaza. Binti mrefu ananiuliza kila siku. Baba yake naye ananiuliza, usishangae.

Njoo, kaka.

Kelele

6 Septemba

Kelele,

Nimesoma barua yako kwenye ngazi, nikampa Mama Fotokopi naye akaisoma, tukakaa pale wawili hakuna aliyefungua duka.

Meneja amenipa likizo. Nafika Jumamosi mchana. Mwambie mama asipike kitu kigumu, napitisha polepole, na asianze kuniambia nimekonda kabla sijakaa.

Nakuja na kile kifaa. Nitamwamkia nacho, na nitabishana nacho na wewe, ujiandae. Lakini nataka mama anishike kwanza kabla hajakisikia.

Kwa hiyo nikifika sitapiga hodi. Acheni mlango wazi.

Kaka